Manamba na Namba Tasa: Historia Fupi ya Kuhesabiwa Ufipa

Ndugu msomaji, kabla hatujaenda mbali, isome kwa sauti namba hii: 1,540,519.

Hiyo ndiyo idadi ya watu wa Mkoa wa Rukwa kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Walihesabiwa kwa kuulizwa nani alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti: katika mitaa ya Sumbawanga, katika vijiji vya Nkasi na Kalambo, katika bonde la Ziwa Rukwa na katika forodha za Ziwa Tanganyika. Ukiisoma kwa Kiswahili kilichozoeleka sokoni utasema: milioni moja, laki tano na elfu arobaini, mia tano na kumi na tisa. Isikilize tena, safari hii ukiyapima maneno badala ya watu. Milioni imetoka Ulaya. Laki imevuka bahari kutoka Bara Hindi. Elfu, arobaini, mia na tisa ni za Waarabu. Moja, tano na kumi ni za Kibantu. Katika pumzi moja umetaja wakazi wote wa mkoa mmoja wa bara, na umepitia bandari zote ambako lugha yetu ilipata kutia nanga.

Makala haya yanahusu namba hiyo: ilivyoumbika, na maneno tuliyonayo ya kuielezea. Maneno mawili yatatushughulisha kuliko mengine. La kwanza ni manamba, ambalo lilimpa mtu jina la namba. La pili ni tasa, ambalo lilimpa namba jina la mtu. Yote mawili, kwa maoni yangu, yalikosea. Na historia ya Ufipa inatusaidia kuona yalikosea wapi.

Tuanze na maneno ya kuhesabia yenyewe. Mzungumzaji wa leo anadhani sita, saba na tisa zimekuwapo tangu Kiswahili kianze. Sivyo. Kabla ya maneno hayo ya Kiarabu kutawala, Kiswahili kilikuwa na tandatu kwa sita, mfungate kwa saba na kenda kwa tisa. Tandatu limefifia. Mfungate limebaki katika fungate, zile siku saba za maharusi, na watu hulitamka bila kukumbuka kwamba wanataja namba. Kenda ndilo lililoponea katika ushairi. Sababu yake washairi wanaijua: kenda na tisa zote zina mizani mbili, lakini kina cha -nda si kina cha -sa, na mshairi aliyebanwa na vina hatupi neno linaloweza kumwokoa. Juu zaidi kulikuwa na kikwi, yaani elfu, na wingi wake vikwi. Watu wa pwani wa zamani walihesabu pia edashara, thenashara na thelatashara, kabla kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu hazijarudi kushika nafasi.

Kitenzi nacho kina historia yake. Kuhesabu ni neno la Kiarabu. Kamusi kongwe zinatuonyesha kitenzi kingine, kuwanga, chenye maana hiyohiyo. Na kutoka humo tumepata kiwango, neno ambalo leo linatumika kuanzia benki hadi uwanja wa mpira. Hapa mpenzi wa lugha aliyefika Ufipa lazima atabasamu. Jina la Sumbawanga husimuliwa kuwa limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi: mgeni aingiapo mji huu na auache wanga wake njiani. Wanga wa Kifipa na kuwanga kwa Kiswahili cha kale ni maneno mawili yaliyokutana kwa sadfa ya sauti, wala sidai undugu baina yake. Lakini sadfa hiyo inafaa kukumbukwa tunapoingia katika sura inayofuata, kwani zilikuwapo zama ambapo kuhesabiwa kulimdhuru mtu kwelikweli.

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya nyasi, upepo na baridi, na wakulima wake wanajulikana kwa matuta ya duara yaitwayo intumba, ambamo majani hufukiwa yaoze na kuwa mbolea. Nchi hiyo ilikuwa na tawala zake, Nkansi na Lyangalile, kabla ya Wajerumani kufika na kuweka ngome waliyoiita Bismarckburg huko Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1897 utawala wa Kijerumani ulitangaza kodi ya nyumba katika koloni lake lote, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaendeleza mtindo huo kwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Tafakari jina hilo la pili. Kichwa hakikuhesabiwa ili mwenye kichwa apate shule au zahanati. Kilihesabiwa ili kidaiwe.

Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha haikuwa ikiota katika intumba. Ilikuwa Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai, kama inavyosimuliwa katika historia ya zao hilo, ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalikua mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Mashamba yale yalihitaji mikono, nayo ilitafutwa mbali, katika nchi zisizokuwa na zao la biashara la kulipia kodi. Ufipa ilikuwa mojawapo. Vijana walivuka nchi nzima, kutoka ukingo wa magharibi hadi karibu na bahari, wakaenda kukata mkonge kwa mkataba.

Kila mmoja wao alipewa namba. Alipewa pia kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo haikutiwa alama haikulipwa. Katika daftari la shamba, jina la mtu, ukoo wake na kijiji chake havikuwa na kazi kubwa. Namba ndiyo iliyoitwa asubuhi na namba ndiyo iliyolipwa mwisho wa kipande. Kiswahili, ambacho hakipitwi na jambo, kikaunda neno: manamba. Kikalichukua neno la Kiingereza kama lilivyosikika, kikalitia kiambishi ma-, kikapata jina la watu. Sarufi yake yenyewe inauma. Kiswahili kina ngeli ya watu, yenye m- na wa-, na humo wamo mwalimu, mkulima, mfungwa na hata mwizi. Vibarua hawa hawakuitwa wanamba. Waliitwa manamba, kwa kiambishi kilekile kinachokusanya mawe, magunia na mabua.

Neno hilo halikuishia shambani. Lilirudi na watu vijijini, likakaa katika nyimbo na katika matusi, na hadi leo mzee anaweza kumwambia kijana anayetumikishwa bila heshima kwamba amefanywa manamba. Ndani ya neno hilo kuna madai ya kihesabu: kwamba watu wakiwa wengi, mmoja wao hana tofauti na mwingine; akitoka huyu, anaingia yule, na jumla inabaki ileile. Naomba msomaji ayaweke madai hayo pembeni. Tutayarudia baadaye na kuyapima kwa hesabu yenyewe.

Mwaka 1967 mambo matatu yalitokea kwa pamoja. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Na Jamhuri ya Muungano ilifanya sensa yake ya kwanza, ikapata watu 12,313,469. Sasa mtoto wa Ufipa aliweza kupitia shule yote ya msingi akifundishwa habari za namba kwa lugha aliyoisikia pia nje ya darasa. Baadaye zilifuata kampeni za elimu ya watu wazima, na KKK tatu zikaingia vijijini: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Baadhi ya wazazi waliokuwa wakihesabiwa tangu utotoni ndipo walipojifunza kuhesabu kwa maandishi.

Lakini somo la hisabati lilihitaji istilahi, na hapa kuna kazi nzuri ambayo aghalabu hatuisifu. Namba igawanyikayo kwa mbili iliitwa shufwa. Isiyogawanyika kwa mbili iliitwa witiri. Maneno hayo yametoka katika Kiarabu, na Mwislamu wa pwani alikuwa akilijua la pili kutokana na sala ya witri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili. Kutoka kitenzi kugawa yakapatikana maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu ya mwisho tu: kigawo, yaani namba inayogawa nyingine bila kubakiza, na kigawe, yaani namba inayogawanywa hivyo. Saba ni kigawo cha ishirini na moja; ishirini na moja ni kigawe cha saba. Irabu moja imetenganisha mtendaji na mtendwa. Nazijua lugha chache zinazoweza kusema jambo hilo kwa ufupi namna hiyo.

Kisha ikaja namba tasa. Hiyo ni namba kubwa kuliko moja ambayo haina vigawo isipokuwa moja na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea. Nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa darasa la tano, na darasa zima tulicheka, kwa sababu tulilijua neno hilo kutoka mitaani. Msichana mmoja hakucheka. Alikuwa akilelewa na shangazi yake, na mtaa mzima ulimwita shangazi huyo kwa neno hilohilo, mara nyingine yeye mwenyewe akisikia. Mwalimu aliandika ubaoni, akaendelea na somo. Mimi nilijifunza siku ile kwamba istilahi haiingii darasani peke yake. Huingia na ndugu zake wote.

Sasa tuichukue kalamu. Sitaki msomaji aniamini kwa maneno matupu, kwa hiyo tuifanyie hesabu ile namba ya Rukwa.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na mwaka 2012 ulimegwa ukazaa Mkoa wa Katavi. Sensa ya mwaka huohuo wa 2012 iliikuta Rukwa, bila Katavi, ikiwa na watu 1,004,539. Je, namba hiyo ni tasa? Tarakimu yake ya mwisho ni tisa, kwa hiyo ni witiri, wala haigawanyiki kwa tano. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 22. Kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa tatu, nayo namba haigawanyiki kwa tatu. Baada ya hapo hakuna njia ya mkato ya maana kwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Unajaribu saba, kumi na moja, kumi na tatu, na kila namba tasa inayofuata, ukiwa na faraja moja tu: hulazimiki kupita 1,002, kwa sababu vigawo huenda wawiliwawili, na mmoja wa kila jozi hawezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Chini ya 1,002 ziko namba tasa 168. Nilizijaribu moja baada ya nyingine, kila moja ikaacha baki. Nilipofika ya 134, ambayo ni 757, baki ikawa sifuri:

1,004,539 = 757 × 1,327

Zote mbili ni tasa. Namba ya Rukwa ya mwaka 2012, basi, imejengwa kwa matofali mawili tu, na yote makubwa. Namba za aina hii zina kazi duniani. Kuzidisha 757 kwa 1,327 ni kazi ya dakika moja. Kuanza na 1,004,539 na kuyatafuta matofali yake ni kazi ya alasiri nzima. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitumia tofauti hiyo kuunda namna ya kuficha ujumbe: zidisha namba tasa mbili zenye mamia ya tarakimu, tangaza jibu, weka siri yale matofali. Usalama wa mawasiliano mengi ya intaneti umejengwa juu ya ugumu huo huo nilioukuta kwenye karatasi yangu, ila wao wameukuza hadi kompyuta zishindwe.

Miaka kumi baadaye Rukwa ilikuwa imeongezeka watu 535,980, zaidi ya nusu ya waliokuwapo. Namba ya 2022 ni laini zaidi. Nilifika 47, namba tasa ya 15, ikakubali kugawanyika. Kilichobaki kikagawanyika tena:

1,540,519 = 47 × 73 × 449

Matofali matatu, na yote matatu ni tasa. Ukitaka kuwapanga watu wote wa Rukwa katika safu zilizo sawa bila kumwacha mtu nje, unaweza kuwapanga kwa safu za 47, au 73, au 449, au kwa mazao ya namba hizo. Jumla ya vigawo vyake ni vinane: 1, 47, 73, 449, 3,431, 21,103, 32,777 na namba yenyewe.

Hapa ndipo jina la tasa linapoanza kutikisika. Tumeuliza namba imetokana na nini, na mara zote mbili jibu limekuwa: imetokana na namba tasa. Hii si bahati ya Rukwa. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko moja, ikiwa yenyewe si tasa, ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la namna moja tu. Hutapata njia nyingine ya kuifikia 1,540,519 isipokuwa kwa 47, 73 na 449, hata ukibadilisha mpangilio wake. Euclid wa Aleksandria aliandika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho. Mwaka 1801 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alitoa uthibitisho kamili wa ule upekee wa matofali. Na Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene, katika nchi ambayo leo ni Libya, anahusishwa na njia ya kuzipata ambayo mama yeyote anayechekecha unga ataielewa: andika namba zote kuanzia mbili, ondoa vigawe vya mbili ukiiacha mbili yenyewe, kisha vya tatu, kisha vya tano, na kuendelea hivyohivyo; kinachobaki kwenye chekeche ni tasa.

Ng'ambo ya Kongo, Ishango, karibu na Ziwa Edward, mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye umri wa takriban miaka 20,000, uliotiwa chale kwa mafungu. Katika safu yake moja mafungu ni ya chale 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote kati ya kumi na ishirini. Wataalamu wanabishana kama mchongaji alikusudia hivyo, na sitaingilia ubishi wao. Itoshe kusema kwamba katika eneo letu la maziwa makuu mtu alikuwa akiweka hesabu zamani sana, kabla ya daftari la kodi na kabla ya kipande.

Lugha nyingine ziliiitaje namba hiyo? Wagiriki waliiita protos, Warumi primus, Waarabu awwali: zote zina maana ya iliyo ya kwanza. Waliitazama kutoka chini, wakaona kwamba nyingine zote zimetoka kwake. Sisi tuliitazama kutoka juu, tukaigawa, tukaona haitoi kitu, tukaiita tasa. Nakiri kwamba istilahi ina mantiki yake, tena ni fupi na haisahauliki. Wala sipendekezi ifutwe vitabuni. Ninachosema ni kwamba hesabu imeikanusha. Namba tuliyoiita tasa ndiyo mama wa namba zote, na iliyo na vigawo vingi ni mjukuu wake. Kama mwalimu angeongeza sentensi hiyo moja ubaoni siku ile, huenda yule msichana angerudi nyumbani na jambo la kumwambia shangazi yake.

Tulirudie sasa lile neno la kwanza, manamba, pamoja na madai yaliyomo ndani yake. Je, ni kweli kwamba katika namba kubwa mtu mmoja hana tofauti?

Chukua 1,540,519 na uongeze mtoto mmoja aliyezaliwa Sumbawanga kabla ya saa sita usiku ule wa sensa. Inakuwa 1,540,520. Namba iliyokuwa witiri imekuwa shufwa. 47 haiigawanyi tena. Wala 73, wala 449. Matofali yote matatu yameondoka kwa ujio wa mtoto mmoja, na mahali pake yamekuja mengine: mbili mara tatu, tano, 19 na 2,027. Vigawo vilikuwa 8, sasa ni 32. Sasa urudi nyuma, umtoe mzee mmoja aliyefariki jioni ile. Inakuwa 1,540,518, ambayo ni zao la 2, 3, 7, 43 na 853. Vigawo vyake navyo ni 32, na hakuna hata kimoja, ukiacha moja, kilichokuwa cha namba ya katikati. Jirani wawili wanaopakana hawawezi kamwe kuchangia kigawo zaidi ya moja. Hiyo ni kanuni ya namba zote, kubwa na ndogo.

Kwa lugha ya daftari la shamba, tofauti ya mtu mmoja katika milioni na nusu si kitu. Kwa lugha ya hesabu, mtu mmoja hubadilisha kila kitu ndani ya namba, kuanzia tarakimu ya mwisho hadi tofali la msingi.

Kwa kuwa hapa ni kwa washairi, nilifanya pia hesabu ya kwetu. Tuseme tunataka kutunga shairi ambalo kila mtu wa Rukwa ana mizani yake moja, katika bahari tuliyoizoea: mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Ubeti mmoja ni mizani 64. Shairi lingekuwa na beti 24,070 kamili, na zingebaki mizani 39. Mizani hizo zinatoa mishororo miwili mizima na mizani saba za mshororo wa tatu. Ukwapi wake ungekatika silabi moja kabla ya kina cha kati. Yule mtoto aliyezaliwa usiku ule ndiye kina.

Leo mkulima wa Ufipa anauza mahindi yake kwa simu iliyojaa namba, na mwanawe anafundishwa shufwa, witiri, kigawo na tasa hadi darasa la saba. Akiingia kidato cha kwanza maneno hayo anayaacha mlangoni, kwa sababu hisabati inageuka Kiingereza. Wengi hawayarudii tena. Ndiyo maana nimeona vema kuyatumia hapa hadharani, kwa namba ya kwao wenyewe, ili ionekane kwamba Kiswahili kinaweza kuishika namba kubwa, kuifungua, na kuonyesha kilichomo bila kuazima ulimi.

Msomaji, itafute idadi ya watu wa mkoa wako katika sensa ya mwaka 2022, uketi nayo kwa kalamu. Usiogope ikikuchelewesha. Ukikuta matofali yake, yaandike. Na ukikuta ni tasa, itaje kwa heshima.